Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka: tafuta kwanza imefia ngazi gani

"Haiwaki" ni neno moja lenye magonjwa mengi ndani yake. Mmoja akisema kompyuta yake haiwaki, anamaanisha kabonyeza kitufe na hakuna hata taa iliyopepesa. Wa pili, feni zinavuma kama kawaida ila monita imebaki nyeusi. Wa tatu anaiona nembo ya Windows, vidoti vinazunguka, kisha mashine inajizima na kuanza upya, hivyo hivyo mara kumi. Dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Nasema hivi kwa sababu nimepokea mashine nyingi zilizokwisha pigwa Windows upya bila haja yoyote. Kilichokufa kilikuwa betri ndogo ya saa, mwenyewe akashauriwa afute kila kitu, na picha za watoto zikaenda na maji.

Kompyuta huamka kwa ngazi. Umeme unaingia kwenye pawasaplai, lile boksi la chuma ambalo waya wa ukutani unachomekwa. Pawasaplai inailisha mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha vipande vyote. Mazabodi inakagua prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na kadi ya picha. Ikiridhika, BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi, inatafuta diski yenye mfumo, na diski ndiyo inayoiamsha Windows. Kabla hujashika bisibisi, jua mashine yako imefia ngazi ya ngapi. Na tulia: kikiharibika kitu chochote kabla ya diski, mafaili yako kwa kawaida hayajaguswa. Diski unaichomoa na kuisoma kwenye mashine nyingine, ilimradi, kama imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski), uwe na ufunguo wake. Hili la ufunguo nitalirudia kwa sababu limeliza wengi.

Kila unapofungua kasha, zima swichi ya nyuma, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika RAM au kadi, maana umeme tuli wa mwili unaweza kuviua vipande hivi bila cheche kuonekana. Boksi la pawasaplai lenyewe usilifungue kamwe. Kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme wa kuua mtu hata baada ya kuchomolewa.

Na badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukigusa vitu vitatu kwa mkupuo na mashine ikawaka, hutajua kilichoiponya, na siku ikigoma tena utaanza upya kabisa.

Kimya, hakuna hata taa

Anza nje ya kasha. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Ruka ekstensheni na UPS, peleka waya wa kompyuta moja kwa moja ukutani. Badilisha waya wenyewe. Monita nyingi hutumia waya wa aina hiyohiyo, kwa hiyo kuazima wa monita ni kazi ya dakika moja. Kisha tazama swichi iliyo nyuma ya pawasaplai: I ni kuwasha, O ni kuzima. Usilidharau hili. Mtu anafuta vumbi nyuma ya meza, kitambaa kinaisukuma swichi, na jioni nyumba nzima inaamini kompyuta imeungua.

Bado kimya? Fungua kasha utafute taa ndogo kwenye mazabodi. Nyingi zina taa inayowaka muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa sababu pawasaplai hutoa volti 5 za kusubiria saa zote. Taa ikiwaka, umeme unafika, na mshukiwa wa kwanza ni kitufe cha mbele au waya wake. Fuata nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye kitufe mpaka ukingoni mwa mazabodi, kwenye pini zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN. Chomoa kiunganishi, rudisha umeme, kisha gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Umeme wake ni mdogo mno, hauwezi kukudhuru. Mashine ikiwaka, ugonjwa ni kitufe tu. Hata kingine huhitaji kununua leo: chukua waya wa kitufe cha RESET uuchomeke kwenye pini za PWR_SW, nacho kitawasha vizuri kabisa.

Kama hakuna taa, pima pawasaplai. Chomoa ukutani, toa plagi zote zinazotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye vipande vingine, kisha shika plagi kubwa ya pini 24. Waya wa kijani, pini ya 16, ndio unaoiamuru iwake. Uunganishe na waya mweusi wowote kwa kipande cha waya, halafu rudisha umeme. Kama nyaya zote ni nyeusi, hesabu pini: ya 15 na ya 17, majirani wa 16, zote ni za ardhi. Feni ikizunguka, pawasaplai ina uhai, ila bado hujajua kama ina afya. Hapo chukua multimita, kifaa cha kupimia volti. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa karibu 3.14 mpaka 3.47. Nje ya mipaka hiyo, badilisha. Ziko pawasaplai ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto. Kwa hizo usitazame feni, iamini multimita.

Inashtuka mara moja kisha inakufa

Feni inazunguka robo mzunguko, taa inapepesa, kisha kimya. Mara nyingi hiyo ni shoti: pawasaplai imeona umeme unapita pasipotakiwa, ikajikinga kwa kujizima. Wengi wakifika hapa hukimbilia kununua pawasaplai mpya.

Kuna mashine moja iliyonishika siku mbili kwa dalili hii. Nilibadilisha pawasaplai, nikatoa RAM, kadi na diski, ikaendelea kushtuka na kufa. Mwishowe nikachomoa kwenye mazabodi nyaya zote zinazotoka mbele ya kasha, na palepale ikawaka. Nilipomulika tochi kwenye tundu la USB la mbele, niliona ulimi wake wa plastiki umekatika na pini zimelala juu ya chuma cha tundu. Mtu alilazimisha flashi iingie kichwa chini. Siku hizi dalili hii ikija, kumulika matundu ya USB ndilo jambo langu la kwanza, kabla hata ya kufungua skrubu.

Kama USB ni nzima, tafuta skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi, au nguzo ndogo ya shaba iliyofungwa mahali ambapo mazabodi haina tundu. Tazama kapasita: zile za mtindo wa mkebe zenye vichwa vilivyovimba au zilizotoa ute wa kahawia zimekwisha. Usipoona kitu, toa mazabodi nje, ilaze juu ya kadibodi kavu, ubaki na prosesa na feni yake, RAM moja, na plagi za umeme peke yake. Iwashe hivyo. Ikikubali, rudisha vipande kimoja kimoja. Kitakachoizima ndicho mwizi wako. Ikikataa hata hapo, umebaki na mazabodi au prosesa, na kwa uzoefu wangu mazabodi ndiyo huharibika zaidi.

Mashine inayokaa nusu dakika au dakika nzima ndipo ikazima ni jambo jingine: joto. Angalia kama feni ya prosesa inazunguka na kama kipoozi, chuma cha kupoozea prosesa kilicho chini ya feni hiyo, kimeshikwa pande zote. Prosesa hujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 100, joto likizidi kupanda hujizima yenyewe, na kipoozi kilicholegea upande mmoja huifikisha huko haraka sana.

Feni zinavuma, monita nyeusi

Huu ndio ugonjwa ninaoletewa kuliko yote, na mara nyingi unaisha bila kununua chochote.

Kwanza uone waya wa monita umechomekwa wapi. Kama mashine ina kadi ya picha, waya uende kwenye matundu ya kadi, yale yaliyolala chini zaidi nyuma ya kasha, wala si ya mazabodi yaliyo juu karibu na USB. Prosesa za Intel ambazo namba yake inaishia na F hazina uwezo wa picha ndani yake. Vivyo hivyo Ryzen (prosesa za AMD) nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 zisizo na herufi G. Kwa hizo, matundu ya picha ya mazabodi ni mapambo. Hakikisha pia monita imechaguliwa tundu sahihi kwenye menyu yake.

Pili, tazama kona ya juu ya mazabodi karibu na prosesa. Pana plagi ya pini 4 au 8 ambayo ni chakula cha prosesa peke yake. Ikilegea, feni zote zitazunguka na taa zote zitawaka, lakini hakuna atakayefikiri ndani.

Kisha RAM. Hapa usifanye haraka. Fungua vishikio, ichomoe, itazame meno yake ya dhahabu kwenye mwanga. Ukiona weusi au utando, yafute taratibu kwa kifutio safi cha penseli, kisha pangusa mabaki yote ya kifutio yasiingie kwenye tundu. Kuirudisha, linganisha pengo la RAM na pengo la tundu, sukuma kwa dole gumba upande mmoja mpaka usikie "tak", halafu upande wa pili mpaka usikie "tak" nyingine. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza; kwa macho RAM inaonekana imekaa, kumbe upande mmoja umebaki juu kwa unene wa kucha. Zikiwa mbili au nne, weka moja tu. Kwenye mazabodi za matundu manne, iweke tundu la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Jaribu kila RAM kwa zamu yake, na tundu jingine pia, maana kuna wakati tundu ndilo bovu.

Mazabodi nyingi za sasa zinakurahisishia kazi. Tafuta taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ile inayobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha ngazi iliyogoma: CPU ni prosesa, DRAM ni RAM, VGA ni kadi ya picha, BOOT ni diski. Mashine za zamani husema kwa milio kupitia spika ndogo. Maana ya milio inatofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo soma kitabu cha mazabodi yako, usitumie jedwali la mtu mwingine.

Subira pia inahitajika. Mashine zenye RAM ya DDR5, zikiwashwa mara ya kwanza baada ya kubadilishwa RAM au kufutiwa mipangilio ya BIOS, hukaa dakika kadhaa na monita nyeusi zikijipima. Ziache dakika kumi na tano kabla ya kuzihukumu. Kuzizima katikati ni kuzirudisha mwanzo.

Vyote vikishindikana, futa mipangilio ya BIOS: chomoa umeme, toa betri ya duara iliyoandikwa CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Lakini kwenye mashine yenye BitLocker, kufuta BIOS kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo wa tarakimu 48 mara itakapowaka. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 hufungwa hivyo tangu siku ya kuanzishwa, mwenyewe hana habari. Chukua simu, ingia kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ileile iliyotumika kuianzisha, uandike ufunguo kwenye karatasi. Fanya hivyo kabla ya kuigusa betri.

Maandishi yanatokea: hakuna diski ya kuanzia

"No bootable device", au "Reboot and Select proper Boot device". Maneno yakishatokea, ujue umeme, prosesa, RAM na picha vyote vimepona. Chomoa flashi na diski zote za nje, kisha washa tena. Mara nyingi BIOS ilikuwa imeng'ang'ania flashi isiyo na mfumo.

Ikiendelea, ingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mfululizo mara tu unapowasha, uangalie kama jina la diski lipo. Halipo? Badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mazabodi, hamia tundu jingine, au kama ni SSD ya M.2 (diski bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi), ichomoe na kuirudisha. Lipo? Hakikisha "Windows Boot Manager" ndiyo ya kwanza kwenye mpangilio wa kuanzia.

Ukiwa humo humo, tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri imekufa na mipangilio yote imerudi ya kiwandani. Huu ndio ule ugonjwa wa picha za watoto. Mashine iliyopigwa Windows ikiwa kwenye RAID ikirudishwa AHCI (njia mbili tofauti za mazabodi kuzungumza na diski), au kinyume chake, Windows inakwama na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Vilevile iliyopigwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha, Legacy, ikirudishwa ule mpya, UEFI, haitaiona diski yake. Weka betri mpya ya volti 3, badilisha mpangilio mmoja, hifadhi, washa. Isipokubali, urudishe ulivyokuwa ndipo ujaribu mwingine. Hakuna faili hata moja litakalopotea kwa kufanya hivyo.

Diski ya kuzunguka inayolia "tik, tik, tik" kwa mpangilio, izime sasa hivi. Kila dakika inayoendelea kuzunguka inaweza kukwaruza sehemu yenye kazi zako. Usiigonge na usiifungue. Kama kilichomo hakina nakala popote, ipelekwe kwa wanaookoa data ikiwa bado haijachokonolewa.

Windows inaanza, inakwama

Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft ziliingia skrini ya bluu kwa sababu ya faili moja bovu katika sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Vipande vyake vyote vilikuwa vizima. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode, ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, na kulifuta faili hilo. Kwa hiyo skrini ya bluu isikufanye uizike mashine.

Windows ikishindwa kuanza mara mbili mfululizo, hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Usipofunguka, ulazimishe: nembo ikitokea, shikilia kitufe cha umeme mpaka izime, rudia mara moja zaidi, kisha iache. Chagua "Troubleshoot", halafu "Advanced options".

Kabla ya kutengeneza chochote, okoa mafaili. Fungua "Command Prompt", andika `notepad`, bonyeza Enter. Kwenye Notepad ingia File, kisha Open, chagua kuona mafaili ya aina zote, na dirisha hilo dogo litakuonyesha folda zako. Bofya kulia uzinakili kwenda kwenye diski ya nje. Njia nyingine ni kuwasha kwa flashi yenye Linux Mint au Ubuntu, uchague kuitumia bila kuisakinisha, unakili folda ya Users. Usiendeshe `chkdsk /r` kwenye diski unayoishuku kabla ya kunakili. Amri hiyo inaisoma diski nzima, na inayokufa inaweza kumalizikia hapo.

Mafaili yakishakuwa salama, anza na "Startup Repair". Kama ugumu ulianza baada ya sasisho, nenda "Uninstall Updates". Kama ulianza baada ya programu au kadi mpya, nenda "System Restore". Zikishindwa, rudi kwenye Command Prompt. Herufi za diski humo hubadilika, kwa hiyo andika `dir C:` na `dir D:` mpaka uione folda ya Windows. Tuseme iko C:

`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`

`bcdboot C:\Windows`

Amri ya kwanza inarekebisha mafaili ya mfumo, ya pili inaandika upya mafaili ya kuanzia. Wengi bado wanafundishwa `bootrec /fixboot`, ambayo kwenye Windows 10 mara nyingi inajibu "Access is denied". `Bcdboot` huniepusha na usumbufu huo. Mlango wa mwisho ni "Reset this PC" kwa chaguo la "Keep my files": programu ulizoweka zitaondoka, folda zako zitabaki.

Inawaka siku ikitaka

Asubuhi inabonyezwa mara tano ndipo iwake, mchana ikizimwa na kuwashwa haina tatizo. Mashine inayogoma ikiwa ya baridi na kukubali ikiwa ya moto huwa na kapasita zilizochoka, na mara nyingi ni za pawasaplai. Jaribu kwa pawasaplai nyingine yenye wati za kutosha. Kama ni ile ambayo nyaya zake zinachomoka, badilisha na nyaya zake zote, wala usiache za zamani ndani ya kasha ili kupunguza kazi. Upande wa pawasaplai pini hazipangwi sawa kati ya aina moja na nyingine, na nimeona diski mbili nzima zikiungua kwa kosa hilo. Mpaka upate nyingine, siku mashine itakapokubali kuwaka usiizime kabla hujanakili mafaili yako yote.